Malalamiko ya Fundi Aliyepanda Lifti Mara 4,112

Ndugu Meneja wa Jengo,

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu. Mimi ni fundi wako wa lifti, mwaka wa kumi na nne huu. Nimepokea barua yako inayonitaka nijieleze kabla ya Ijumaa, la sivyo kazi sina, eti mwezi uliopita nilipanda lifti mara 4,112. Jamani!

Chanzo ni skripti, yaani programu ndogo ya kusoma kumbukumbu, ya mtaalamu wenu wa kompyuta. Kumbukumbu za lifti hukaa kwenye faili za XML, bahasha ndani ya bahasha. Ya nje ina jina la fundi wa zamu, yaani mimi. Ndani yake kuna safari, na ndani ya safari ndiyo kuna kadi ya abiria. Skripti ilifungua ya kwanza, ikaona jina langu, ikaniandikia safari zote, ikatosheka. Uvivu gani huu? Kwa hiyo nalalamika:

1. Jumanne saa mbili asubuhi nilikwama lifti namba mbili. Dakika hiyohiyo nilikuwa nje, najifungulia mlango. Nimepewa onyo kwa kuchelewa kujiokoa.

2. Lifti namba moja ilizidiwa uzito. Abiria alikuwa mmoja, mimi, kilo 640. Mke wangu kaiona ripoti, kanipunguzia chakula, na mama mkwe keshapigiwa simu.

3. Alhamisi nilipanda ghorofa ya tisa huku nikishuka chini. Mke wangu anauliza ni yupi kati yetu aliyeahidi kurudi na mtungi wa gesi.

4. Kama ripoti ni ya kweli, basi sisi ni wengi. Kila mmoja wetu aandikiwe barua yake ya kufukuzwa, na kikao cha nidhamu kifanyike ukumbini, maana ofisini kwako hatutoshei.

Naomba skripti izame hadi bahasha ya ndani kabisa, isome kadi, ili nibaki na kazi yangu. Sina cha kuficha.

Nisalimie watu wa mapokezi, walinzi, na dada wa usafi aliyenichapia barua hii.

Aliye mmoja tu,
Fundi wa Lifti

Nyongeza: Mtaalamu kanipigia sasa hivi. Skripti imerekebishwa, inasoma kadi. Safari zangu zimebaki kumi na tisa, namshukuru Mungu. Ila zote zilianza saa saba mchana, lifti namba nne ikasimama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, taa ikazimwa kwa ufunguo wa fundi, na safari ikaendelea saa tisa na nusu. Ndugu Meneja, nimeisoma tena ile ripoti ya kwanza kwa utulivu. Haina kosa hata moja.