Amani Isiyo na Kibali

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya Mkurugenzi ambaye kwa sasa hapokei simu zangu, ninafurahi kuwatangazia wananchi wote kwamba Machakos hatimaye imepata vita vyake. Ni vidogo, lakini ni vyetu.

Nijitambulishe mapema, asije mtu akauliza huyu naye ni nani. Mimi ni Laban Ndunda, Naibu Mkurugenzi (Itifaki) katika Taasisi ya Utafiti wa Mahusiano ya Kimataifa na Historia ya Diplomasia, mjini Machakos, orofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo. Watu huingia kwetu wakiulizia dawa ya kupe. Tunawaelekeza chini kwa lugha ya kibalozi.

Kwa muda mrefu Taasisi ilitafiti vita vya wenyewe. Tulijua nani alimkanyaga nani kwenye karamu gani ya kifalme huko Ulaya, na mkataba gani ulicheleweshwa na balozi aliyekuwa akiendeshwa na tumbo. Kisha wafadhili wakatuambia wamechoshwa na migogoro iliyokufa. Walitaka mgogoro hai, unaopumua, ambao mgeni anaweza kuutembelea asubuhi na kurudi hotelini kabla ya giza. Mkurugenzi wetu, Dokta Mwangangi, mtu aliyesoma mpaka nywele zikaomba ruhusa ya kuondoka, akaniita ofisini.

"Laban," akasema, "nitafutie vita. Visiwe mbali na lami."

Nikavipata upande wa Kola. Kuna mto wa msimu huko, na ukuta wa zege umejengwa kuukatiza. Mvua ikinyesha, ukuta huzuia mchanga, mchanga hushika maji, na kiangazi watu huchimba visima vya mkono humo mchangani wakachota. Ng'ambo hii ni kijiji cha Kyumbuni, ng'ambo ile ni Mbondoni. Siku moja punda wa Mumbua, mama wa Mbondoni, alikunywa kwenye kisima alichochimba Kamene wa Kyumbuni. Kamene akamzaba punda kofi. Mumbua akasema kofi hilo amepigwa yeye. Vijiji viwili vikaacha kusalimiana, hata kanisani wakati wa kupeana amani kila mtu akawa anaangalia viatu vyake.

Jamani, mnaona utamu wake? Mpaka, rasilimali, shambulio la kwanza, kuvunjika kwa uhusiano wa kibalozi! Nilikaribia kulia.

Tukaenda Kola na gari la Taasisi, bendera ndogo mbele, pamoja na askari wawili wenye rungu, ambao itifaki huwaita waangalizi. Tulipofika tukakuta balaa. Kamene na Mumbua walikuwa wamesimama bega kwa bega mtoni, wanacheka.

"Kwani hampigani?" Mkurugenzi akauliza, uso umemshuka.

"Tulishapatana," akasema Kamene.

"Mmepatana na nani?"

"Na sisi wenyewe. Kwani ulitaka tupatane na wewe?"

"Mpatanishi alikuwa nani?"

"Mbuzi," akajibu Mumbua. "Na hata nyama iliisha, mmechelewa."

Kamene akatuonyesha ufa katikati ya ukuta. Ulikuwa mpana, mkono wa mtu mzima ungeingia. "Mvua ya Novemba ikikuta hii kitu iko hivi, mto utabeba ukuta na mchanga wote. Mwaka ujao hatutakuwa na maji hata ya chai. Ndiyo tumeitana mwethya Jumatatu, pande zote mbili." Mwethya, kwa wageni wetu, ni kazi ya pamoja ya majirani. Kila mtu huja na mikono yake, na asiyekuja husemwa mpaka Krismasi.

"Hakuna mwethya," akasema Mkurugenzi.

Akawaeleza kwa upole wa msomi. Amani iliyofanywa bila mtu wa tatu, bila mwangalizi na bila tamko la pamoja ni amani isiyo na kibali, na Taasisi haiitambui. Ufa ni ushahidi. Wakiuziba pamoja watachafua data. Mpaka kongamano la kimataifa lifanyike hapa mwezi ujao, ushirikiano wa aina yoyote umepigwa marufuku, na uhasama uendelee katika hali yake ya asili. Waangalizi wetu wakagonga rungu viganjani kuonyesha kwamba wameelewa.

"Mwana wa Nthenya," Kamene akaniita, kwa jina la mama yangu, ambaye wanafahamiana, mbele ya watu wote. "Hii ni akili kweli? Watoto wa hapa watakunywa utafiti?"

Niliona aibu, nikaikemea.

Mumbua alikuwa akikuna kidevu. "Daktari, hebu nielewe. Kupatana ni makosa, lakini kupigana hujakataza?"

"Kupigana mnahimizwa."

"Hata kurushiana mawe?"

"Mawe ni silaha ya jadi. Rusheni."

"Na mtu akitaka kujijengea ngome ajikinge?"

Macho ya Mkurugenzi yakalowa. "Ngome! Mama, sura nzima ya tasnifu yangu ni ngome."

Kamene na Mumbua wakaangaliana. Wakaanza kutukanana pale pale, kwa bidii iliyotutia moyo sana.

Jumatatu vita vikalipuka. Kyumbuni waliteremka wakiimba, mabeseni ya mawe kichwani, wakawashambulia Mbondoni. Mbondoni wakajibu kwa mawe makubwa zaidi, mengine yakisukumwa kwa mkokoteni wa punda yule yule wa historia. Kwa bahati mbaya akina mama hawa hawana shabaha hata kidogo. Kila jiwe lilianguka kwenye ufa. Mimi nilikaa chini ya mwavuli nikinukuu matusi.

"Mumbua, kichwa kama mtungi! Leta lile bapa, hili la mviringo halikai!"

"Kamene, mchawi wewe! Sogeza kidogo kushoto!"

Niliyaweka chini ya kichwa "Lugha ya chuki yenye vipimo". Mkurugenzi alisema hajawahi kuona kitu kama hicho katika fasihi yote ya taaluma.

Wiki ya pili Kyumbuni wakaomba saruji ya ngome. Mkurugenzi anaamini usawa wa nguvu, kwa hiyo akaidhinisha saruji kwa pande zote mbili, kutoka fungu la chai ya kongamano. Jumamosi wakaja mamluki. Hawa walikuwa vijana wa vijiji hivyo wanaofanya kazi viwandani kule EPZ Athi River, wamerudi nyumbani na miiko ya kupakia saruji. Ngome ya Kyumbuni ikajengwa juu ya ukuta. Ngome ya Mbondoni ikajengwa juu ya ukuta huo huo, ikigusana na ile nyingine, na katika historia ya diplomasia mgusano kama huo ni hatari sana. Usiku waangalizi wetu walizilinda.

Ni Mwongeli tu, msaidizi wetu wa utafiti, aliyetaka kutuharibia. "Daktari, samahani, lakini hii vita si ni kama inaziba ufa?"

"Wewe umesomea nini?"

"Historia."

"Basi subiri miaka thelathini kama wanahistoria wengine."

Siku ya kongamano ikafika. Kila ukingo ulikuwa wa upande mmoja wa vita, kwa hiyo hema tulilisimika katikati ya mto wenyewe, kwenye mchanga safi, upande wa juu wa ukuta. Eneo huru. Wageni walikuja na kofia zao, akiwemo profesa mmoja wa Ulaya aliyetumwa na wafadhili. Sufuria za pilau na viti vyeupe vya akiba tulivikuta tayari vimepandishwa ukingoni Kyumbuni. Akina mama walidai ni nyara za vita, nami sikuona kifungu cha kuwapinga.

"Daktari, toa watu hapo," Kamene akasema. Hakuwa akitania. "Angalia mawingu huko milimani. Huu mto haubishi hodi."

"Mto ni wa pande zote mbili," akajibu Mkurugenzi. "Hauwezi kuingia eneo huru bila kutoa taarifa." Akapanda jukwaani kusoma mada yake, "Kofi la Kola na Mustakabali wa Dunia".

Alikuwa bado anawashukuru waheshimiwa tuliposikia ngurumo inayotembea chini. "Mto!" akapiga kelele Mumbua, na itifaki ikaishia hapo. Profesa alibebwa mgongoni na mamluki. Mimi nilikimbilia Kyumbuni, Mkurugenzi akakimbilia Mbondoni. Hema likaondoka na mada, jukwaa na bendera. Hakuna mtu aliyeumia.

Maji mekundu yakaugonga ukuta. Kamene alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma, na nadhani hakujua ni mkono wa nani. Maji yakapanda, yakasukuma zile ngome mbili, yakatulia kidogo, kisha yakaruka juu ya ukuta na kwenda zake. Mchanga ukabaki. Ukuta haukutikisika.

Kamene akakaa chini akalia kwa sauti. Ng'ambo, Mumbua alikuwa akicheza peke yake. Na mimi nililia, kwa sababu za kitaaluma.

Ndipo sauti ya Mkurugenzi ikavuka maji. "Laban! Umewanunulia saruji wamalize vita vyangu!"

"Ni wewe uliyeidhinisha!"

"Ni wewe uliyeketi chini ya mwavuli! Kazi yako ilikuwa kuona!"

"Usinifokee! Nani alisimika hema mtoni? Dokta mzima!"

"Mchunga kupe wewe!"

Hapo nilipandwa na hasira za miaka yote ile. Nikavua kiatu nikamrushia. Kikaangukia majini. Akanijibu kwa jiwe, nalo likafia njiani. Tulirushiana maneno mpaka koo zikakauka, na mto haukuwa na haraka ya kupungua. Harufu ya pilau ikanifikia.

"Dokta, bana, yaishe!" nikaita. "Tusameheane tukale!"

Akapunga mkono. "Yaishe, Laban!"

"Ngojeni kwanza," akasema Kamene. Alikuwa ameshaketi kwenye kiti cheupe, sahani mapajani, profesa kando yake, Mwongeli akimtafsiria. "Mnapatana na nani?"

"Na sisi wenyewe," nikasema.

"Mpatanishi ni nani?"

Nikatazama huku na huku, hapakuwa na mbuzi. Ng'ambo, Mumbua akamshika Mkurugenzi bega na kumketisha chini. "Daktari, hiyo amani haina kibali," akamwambia, kwa sauti ya kutufikia sote. Waangalizi wetu, ambao walikuwa wamekula tayari, wakagonga rungu viganjani.

Profesa alifurahi kupita kiasi. Wafadhili nao wamefurahi. Utafiti umeongezewa muda, na sasa unahusu mgogoro wa Taasisi, chini ya waangalizi wakuu Kamene na Mumbua. Mimi nimewekwa Kyumbuni, Mkurugenzi Mbondoni. Kusalimiana na kupigiana simu ni kuchafua data. Visima vina maji, vijiji vinachota pamoja, na jioni watu huja kutuangalia.

Jana nilimsihi Kamene. Nikamwambia nina mke, nina kazi, nina orofa ya pili.

"Mwana wa Nthenya, tulia," akasema, akinipakulia githeri. "Wageni wanakuja tena mwezi ujao, na nyinyi siku hizi mmepoa sana. Hebu mrushie hicho kiatu kingine."