Injini ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Siwezi kukaa kitako. Jumba la makumbusho ya bahari limetangaza shindano la muziki uliotengenezwa kwa sauti za mawimbi na meli, zilizochanganywa kwenye kompyuta. Utakaoshinda utasikilizwa na wageni kila siku. Shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi mitambo wa redio, keshajiandikisha. Ana maikrofoni ya kuzamisha majini! Mimi, karani wa stoo, nina simu na hasira.

Jumatano, 5 Machi
Nimefukuzwa bandarini. Mlinzi kataka kibali. Nikamwambia mimi ni msanii. Akasema msanii naye hutoka kwa geti aliloingilia. Nikarudi nyumbani, nikajaza beseni maji, nikayakoroga kwa mwiko. Bahari safi kabisa! Ila injini ya meli naipata wapi?

Alhamisi, 6 Machi
Mungu mkubwa! Baba mkwe, mhandisi wa meli mstaafu, amekuja kututembelea. Mchana kalala kwenye kochi. Anakoroma! Pumzi inapanda, inakwama, halafu pshuuu! Nikaweka simu karibu na masharubu, nikarekodi. Sauti hiyo nimeipunguza kasi kwenye kompyuta: meli ya mizigo, tani elfu tano. Mke wangu kauliza natabasamia nini. Nikasema kazi.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi wa makumbusho ulijaa, baba na mama mkwe mstari wa mbele. Kazi ya shemeji ilitangulia. Nyangumi, minyororo, sijui nini. Makofi ya adabu. Yangu ilipoanza, viti vilitetemeka. Majaji wakafumba macho. Nikajua nimeshinda.
Ndipo baba mkwe akasimama, kidole juu: "Zimeni! Injini hiyo mbovu. Inakosa hewa. Italeta maafa!"
Mama mkwe akamvuta shati. "Kaa chini, mume wangu. Ni wewe huyo. Miaka arobaini nalala na hiyo meli."
Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee akatoka bila kumtazama mtu. Majaji wakasema hiyo si meli, wakaniondoa. Shemeji kashinda. Mke wangu hasemi nami.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe alimburuta mzee hospitali. Daktari kasema kweli anakosa hewa usingizini. Wangechelewa, moyo ungesimama. Mama mkwe kanishukuru kwa machozi. Mzee, kitandani, barakoa yenye mpira mrefu usoni, kanisamehe, ila kataka niape sitarekodi mtu tena bila ruhusa. Nikaapa. Mke wangu akanitazama, mara ya kwanza tangu Jumamosi.
Kisha muuguzi akawasha mashine ya hewa. Fuuu... tik... fuuu. Nyambizi! Nyambizi halisi inayozama!
Nimesahau simu chini ya mto wa mzee. Bahati mbaya tu. Inarekodi.