Kunyimwa Haki ya Kuchagua Risasi Moja Moja

Ndugu Mwenyekiti,
Klabu ya Shabaha,
Dar es Salaam.

YAH: KURUDISHWA KATIKA TIMU INAYOKWENDA MOROGORO

Nakuandikia nikiwa mtulivu, baada ya chai. Jumamosi kamati yako inakaa kuthibitisha majina manne ya timu. Langu lilikuwamo tangu Februari. Sasa limekatwa kwa wino mwekundu. Napinga, kwa sababu hizi:

1. Mtunza ghala la risasi, Bwana Ansbert, hajui kuhudumia wateja. Rafuni ana aina tano, zote zinaingia kwenye bunduki yangu. Niliomba mbili kutoka kila boksi. Akanijibu, "Mzee Hafidhi, hizi siyo nyanya." Kariakoo mteja wa nyanya anashika, anabonyeza, anachagua. Mimi sikubonyeza. Nilizipima kiganjani na kuzitikisa sikioni tu. Foleni ilipofika mlangoni, alinipa kumi zangu.

2. Siku ya mchujo risasi hizo hazikushirikiana. Ya kwanza ilipiga juu, ya pili chini, na moja ilihamia kwenye karatasi ya shabaha ya Ritha, jirani yangu kwenye mstari wa kufyatulia, aliyefyatua kumi akahesabiwa matundu kumi na moja. Hajairudisha.

3. Kocha Siwema alitamka mbele ya vijana kwamba risasi nyepesi huenda kivyake na nzito kivyake. Mtu achague aina moja, airekebishe bunduki kwa hiyo, asichanganye. Huu ni ubaguzi. Ghorofa ninayokaa ina watu wa Newala, Pemba, Songea na Moshi kwenye ngazi moja. Maji yakikatika tunakatikiwa wote, na hajaja mtu kutuambia tuchague aina moja.

4. Kati ya risasi kumi, sita zilikwenda kushoto, nje ya duara. Wahenga walisema wengi wape. Kamati imeyapuuza matokeo hayo na kuzihesabia zile mbili zilizoingia katikati, ambazo ni wachache. Naomba duara lihamishiwe kushoto. Likikataa, liundiwe tume.

Kwa hiyo jina langu lirudishwe, na Bwana Ansbert aletwe sokoni wiki moja ajifunze kuuza.

Wasalimie wanakamati wote, Kocha Siwema, na Ritha pamoja na risasi yangu aliyonayo.

Wako mwenye subira na bega linalouma,

Hafidhi Abbasi
Duka la Vipuri vya Pikipiki, Gerezani

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Bwana Ansbert ameingia dukani kutafuta ringi za pistoni. Ametaka nifungue pakiti tatu achague ringi moja kutoka kila pakiti. Nimemwambia, hata mafundi wa nje wamesikia: "Kaka, seti haichanganywi! Ukiokota moja huku, moja kule, injini itakula oili, halafu urudi kunilaumu mimi." Ameniomba niyaandike maneno hayo nyuma ya risiti. Nimeyaandika, nimesaini, nimegonga mhuri. Nilipomuuliza ni ya nini, amesema ni ya kikao cha Jumamosi.

Naomba barua hii na risiti ile zisisomwe siku moja.