Mizizi ya Mama Watoto

Jumatatu, 3 Machi

Mama Watoto, leo chumba chetu cha mizizi hapa kituo cha utafiti kimeletewa skana. Inapiga picha mizizi ya ngano, kisha kompyuta inahesabu sehemu iliyooza. Mtaalamu wake, binti mpole, kaniambia mzee wangu sasa pumzisha macho. Macho! Miaka ishirini na mbili nimepima uozo kwa macho haya! Hata ngano yako, uliyoichagua suke kwa suke ukifunga mbegu kwenye pindo la nguo, itapimwa. Uozo ukizidi asilimia thelathini, mbegu zinatupwa. Kidevu, yule wa meza ya pili, keshaanza kupima rafu ya mbegu zako kwa rula.

Jumanne, 4 Machi

Arobaini na moja! Nilisuuza mizizi harakaharaka ili nimtangulie Kidevu. Akanipa pole kama ya msibani, kisha akauliza ngano ya shemeji inahama lini. Yake imepata tisa, inataka nafasi. Nimemsihi binti arudie. Kakubali: Alhamisi.

Jumatano, 5 Machi

Nina akili, mke wangu! Nimechimbua mizizi mingine, nimeiloweka kwenye dawa ya kutoa madoa. Ile ile uliyonikataza kuigusa tangu yale mashuka yako ya kijani. Mizizi myeupe, utadhani meno ya mtoto. Kesho Kidevu atanitambua!

Alhamisi, 6 Machi

Uozo: sifuri! Nikacheza. Binti akasema mzee wangu, na urefu nao karibu sifuri, vijizizi vimekwenda wapi? Vimeliwa na dawa. Akatazama madoa meupe kwenye suruali yangu, akauliza kwa adabu kama jana nilikuwa nafua. Kidevu alicheka hadi akakaa chini. Ikabidi niseme ngano ni yako, na kwamba hupo tena. Binti akakuza picha ya Jumanne. Kumbe ule weusi ulikuwa tope! Skana haitofautishi tope na ugonjwa.

Ijumaa, 7 Machi

Maji matupu, brashi laini, saa mbili nzima, binti kando yangu. Kumi na mbili! Mbegu zako zinabaki rafuni. Nikajifuta machozi, nikaapa: hila basi.

Lakini Mama Watoto, kumi na mbili si tisa. Kidevu anaiimba tisa yake tangu asubuhi. Jumatatu mizizi yake inapigwa picha tena. Nimechota udongo kidogo tu, kiganja kimoja. Nimeufunga kwenye leso yako.

Unikumbuke, mke wangu.