Broshua ya Kikundi Chetu na Picha ya Kerubo

Leo nimeaibika mchana kweupe. Waliokuwepo ni hawa: Kerubo, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama na mke wa shemeji yangu Nyamweya; Moraa wa saiba, lile duka la kompyuta pale Ekerenyo, ambaye ni binti wa Kwamboka wa Gesima; Bwana Wafula, mgeni wa shirika; na mimi, mwenye kosa.

Mgeni alikuwa anakuja saa nne. Tukimpa broshua nzuri ya kueleza kikundi, tunapata mashine ya kukausha ndizi. Tukishindwa, inaenda kwa akina mama wa Kiogoro. (Hao tunajuana.) Asubuhi Kerubo akanipa picha yake. "Mama Onchari, wewe hakuna kitu unachosahau. Nenda saiba ukaeleze."

Mimi karatasi za kukunja ninazozijua ni zile tunazogawiwa mazishini. Nzuri kuliko kalenda! Moja ilikuwa ukutani pale saiba, ina maua ya zambarau na mshumaa. Nikampa Moraa picha ya Kerubo, nikamwambia, "Nifanyie kama hiyo."

Akaniangalia. "Pole sana, magokoro."

"Asante, mjukuu." (Magokoro ni bibi kwetu. Nilidhani ni pole ya magoti. Kile kilima cha kwenda saiba!)

"Alizaliwa na nani?"

Hapo nikamwagika! Nikataja baba, mama, ndugu wote, watoto, wakwe mpaka wa Nakuru. Karatasi ikajaa, kikundi kikakosa nafasi. Nikasema si kitu, Kerubo ana mdomo.

Nafika kikundini natokwa jasho, mgeni ameshaketi. Nikampa moja. Akafungua. Akavua kofia, akasimama.

"Poleni sana, akina mama. Sikuambiwa. Mazishi ni lini?"

"Ya nani?" Kerubo akauliza, birika la chai mkononi.

Mgeni akaangalia picha. Akamwangalia Kerubo. Akarudi kwa picha. Jamani! Kerubo akamnyang'anya ile karatasi, akasoma. Birika likatua mezani kwa kishindo.

"Mama Onchari, umenizika?"

Nilikuwa naiona mashine ikielekea Kiogoro.

Mgeni akaketi polepole. "Hapa nimejua ukoo wote. Kazi yenu siijui."

"Basi njoo uione," Kerubo akasema. Akamtangulia kwenye kitalu cha migomba, anatembea mbio, mtu asije akamdhania maiti.

Tumepewa mpaka Ijumaa tulete nyingine. Kerubo ataandikisha mwenyewe, maadamu yu hai.

Nakala zilizobaki ninazo. Zisomeni, na kama kuna ndugu wa Kerubo nimemruka au kumkosea jina, nirekebisheni. Ila msimuulize yeye.