Jiwe Langu Lenye Stronti Nyingi Kuliko Yote Duniani

Jumatatu, 4 Machi
Kisiwa kizima cha Cayman Brac kitanijua! Daktari Pryce, yule mama wa miamba, anatafuta tumbawe la kale lisilobadilika. Kasema mengi yamelowa mvua maelfu ya miaka, yakageuka ndani kwa ndani, na madini yake ya stronti yakachujika. Atakayempa lililobaki vilevile, jina lake litabandikwa kwenye makumbusho. Binamu Elkanah kanicheka: eti jina langu limewahi kubandikwa mahali pamoja tu, mlango wa baa, chini ya neno "Marufuku". Tutaonana!

Jumanne, 5 Machi
Nimepata jiwe jeupe, refu, limependeza kama bwana harusi. Nimelisimamisha mlangoni. Lile bonge baya la jiwe lililokuwa likizuia mlango nimemrushia Elkanah juu ya ukuta. Kashukuru! Alihitaji pa kuparia samaki. Bwege.

Jumatano, 6 Machi
Daktari kaja na kimashine chake cha kupimia stronti. Mia tatu tu! Kasema kwa upole kwamba limebadilika lote. Nikamlisha keki ya muhogo, nikamchimba: stronti iko wapi kwingine? Kwenye fataki nyekundu za kuombea msaada baharini, akasema. Ewaa! Ninazo sita.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwangua fataki zote, jiwe limeoga unga wake kutwa nzima, ndani ya beseni la keki la mke wangu. Ivalee kafoka. Nikamwambia avumilie, atakuwa mke wa mtu wa makumbusho. Akajibu kwamba kitu cha makumbusho alishaolewa nacho zamani.

Ijumaa, 8 Machi
Elfu sitini! Daktari kapima mara tatu. Kasema hakuna tumbawe, hata la jana, linalofika elfu kumi. Wa kwanza duniani ni mimi! Kisha akalinusa. Akauliza mashua yangu ina fataki ngapi. Nikatazama mawingu. Akavuka kwa Elkanah, akapima bonge lililojaa magamba ya samaki. Elfu nane. Halijabadilika hata chembe.
Bonge LANGU! Miaka ishirini na miwili nimelipiga teke kila asubuhi. Moyo umeniuma, sikatai.

Jumatatu, 11 Machi
Kibao kimebandikwa: "Zawadi ya Elkanah Tatum." Kanishika bega, eti Fonzo ndugu yangu, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimemnunia.
Lakini daktari kaniandikia! Kila mwaka atawaonyesha wanafunzi namba za jiwe langu, kwenye somo la sampuli zilizochafuliwa na watu. Kila mwaka! La Elkanah litatazamwa na watalii wawili na mbuzi.
Ivalee kaniomba nitulie sasa. Nitulieje? Daktari anarudi Juni kutafuta chuma kwenye mawe. Misumari nimeshailoweka.