Saa ya Nakonde

Jumatatu, 2 Juni
Nesi Ikupa kaniwekea shajara ya afya kwenye simu. Niandike uzito kila asubuhi na kila ninachokula. Simu yenyewe inaweka saa. Sharti kubwa: hakuna kula baada ya saa moja jioni. Presha iko juu. Mke wangu Gwantwa alisali njia nzima. Kaka yangu Yonasi alianza hivihivi, sasa kiharusi kimemlaza, analishwa uji. Naogopa. Nitafuata kila kitu.

Jumanne, 3 Juni
Njaa. Gwantwa kasema hataniacha peke yangu, naye anafunga mdomo saa moja. Tulikaa tunatazamana kama wageni msibani.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepata dawa! Nilivuka mpaka hadi Nakonde kumfuata mteja wa kubadilisha kwacha, pesa ya Zambia. Simu ikashika mtandao wa kule, saa ikarudi nyuma saa nzima. Kwetu Tunduma saa moja na nusu, kule kumi na mbili na nusu. Nikala nshima, ugali wa kule, na kuku kwa mama lishe Bana Chanda, nikaandika. Simu ikaweka alama ya kijani. Miaka yote nabadilisha pesa, kubadilisha saa kungenishinda? Sijamdanganya mtu.

Jumapili, 8 Juni
Kijani kila siku. Gwantwa kawaonyesha kwaya nzima. Jofrey, tunayegombania naye wateja mpakani, kauliza mbona shati linagoma kufunga. Wivu. Uzito umepanda kidogo, lakini sakafu yetu imeinama. Mizani nimeihamishia uani.

Jumatano, 11 Juni
Kliniki. Nesi kasifu shajara, kisha kakunja uso. Uzito juu, presha juu. Kama nakula vizuri hivi, basi kuna kitu ndani. Niende hospitali ya mkoa nikapimwe moyo na figo. Gwantwa akashika ukuta. Nesi akampima naye: amekonda, amekwisha. Mwenyewe akasema anafunga mchana pia, ananiombea. Nilitaka kusema ukweli. Nikasema kuna siku nilitafuna karanga.

Alhamisi, 12 Juni
Sikulala. Asubuhi Gwantwa kaninywesha chai, yeye hakugusa kikombe. Niliona aibu. Huyu mama wa watu anaisha kwa ajili yangu, na mimi nanenepa kwa siri. Ubinafsi gani huu? Nimewaza sana, nimeamua kubadilika. Sitamwacha tena akae na njaa peke yake.

Leo jioni navuka naye. Nimeshamwambia Bana Chanda aweke kuku wawili.